Habari za Fundi Saa na Vipande Saba vya Shaba Vilivyokataa Rangi

Sogeeni, enyi mlio na masikio mawili, na hata ninyi mliobakiwa na moja. Aliyesimama na aketi, aliyeketi na ajiweke sawa, na mwenye sufuria jikoni akapunguze moto kisha arudi, kwa maana ninayoyaleta si maneno ya kupitishia muda. Naleta habari za vita vya siku sita vilivyopiganwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, baina ya mtu mmoja mwenye miwani na vipande saba vya shaba ambavyo vyote kwa pamoja vingeenea katika kijiko cha chai, na nafasi ya sukari ikabaki. Nawe kalamu yangu, uliyeandika kumbukumbu za vikao kwa miaka thelathini na moja bila kusinzia, hata pale mwenyekiti mwenyewe aliposinzia, nakuomba usinivujie leo.

Mimi ndimi Karani, jirani wa ukuta kwa ukuta wa shujaa wetu. Nimestaafu, lakini macho yangu hayajastaafu. Nilikuwapo siku zote sita, tena juu ya kiti chenye mguu mbovu, kwa hiyo anayetaka kunibishia aje na kiti chake.

Alikuwapo, na yupo hata sasa, mtu aitwaye Fundi Saa, Mfufuaji wa Sekunde, Mwenye Mkono Usiotetemeka, Bwana wa Vibano Kumi na Viwili, ambaye kwa miaka arobaini alizifungua saa za watu na kuzifunga tena bila kubakiwa na skrubu mezani. Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili aliowapata siku moja. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na saluni katika chumba cha mbele, na humo kutwa nzima alisuka, alinyoosha, na kupaka kucha za wanawake rangi za kila namna. Mshikeni huyu mama akilini. Mimi sikumshika, na aibu yake nimeiandika hapo mbele kwa mkono wangu mwenyewe.

Tena Fundi Saa alikuwa na kaka aliyemtangulia kwa miaka miwili, aitwaye Dereva; wala si dereva wa kigari cha kuzungusha madumu ya maziwa mitaani, bali dereva wa treni, aliyevuta mabehewa kwa miaka ishirini na saba na kichwa kilekile cha treni, cha kijani kibichi, chenye vishikio vyekundu mlangoni. Na baina ya ndugu hawa wawili, waliopendana sana, palikuwa na lori.

Sikilizeni habari ya lori, kwa kuwa ndiyo chanzo cha vita. Fundi Saa alipokuwa na miaka tisa alitengeneza lori la kuchezea kwa bati la kopo, akalipaka rangi nyekundu iliyobaki walipopaka mlango, akamzawadia kaka yake. Kaka mtu akafurahi, akalibeba kwapani hadi shuleni, siku hiyohiyo aliyovaa shati jipya jeupe. Alipofika darasani lori lilikuwa limerudia ubati wake, na rangi yote ilikuwa kwenye shati. Mama yao hakuuliza mara mbili. Dereva alichapwa kwa ajili ya shati lile, na tangu siku hiyo akaanza kulisimulia lile lori.

Alilisimulia harusini kwa Fundi Saa, mbele ya wakwe. Alilisimulia pacha walipozaliwa. Alilisimulia msibani kwa mama yao, kwa sauti ya chini lakini lote. Na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Huyu mdogo wangu akipaka kitu rangi, ujue anakupaka wewe." Watu hucheka. Fundi Saa naye hucheka, lakini mimi niliyekaa ubavuni mwake najua kwamba kicheko kile hakikutoka tumboni. Miaka hamsini na tisa, ndugu zangu, mtu anacheka kwa meno tu.

Sasa Dereva alikuwa anatimiza miaka sabini siku ya Jumamosi, na ndugu wote walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana. Kwa siku hiyo Fundi Saa alikuwa amejenga, kwa miezi kumi na minne, mfano wa kichwa kile cha treni, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwili ulikuwa wa mbao, na mbao ilipokea rangi ya kijani bila ubishi. Vilibaki vipande saba vya shaba: vishikio vinne, vidato viwili vya kupandia, na kengele moja ndogo kuliko punje ya mahindi. Vyote vilitakiwa viwe vyekundu.

Hapo niliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza. Macho ya Dereva yamechoka. Mwanga anauona, mtu anamwona kama kivuli, lakini rangi haoni tena. Nikasema, "Jirani, kaka yako hatajua kama ni nyekundu au ni zambarau. Kwa nini usiache shaba ilivyo?"

Fundi Saa aliweka chini kibano, akasimama, akashika ukingo wa meza kama mtu aliye mbele ya halaiki, naye akanena: "Karani, kwa kuwa haoni ndiyo maana. Mwenye macho angeiweka kabatini akaitazama kwa mbali. Huyu ataishika. Siku hizi kila anachopewa anakisugua kwa kidole gumba mpaka akijue. Na ataanzia hapohapo kwenye vishikio, kwa sababu ndipo mkono wake ulipoanzia kila asubuhi kwa miaka ishirini na saba. Rangi ikimbakia kidoleni, nitalisikia lile lori mpaka niingie kaburini, na nikishaingia atalisimulia pale juu." Akaketi.

Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi, akaushambulia mji wa shaba. Alichukua kishikio cha kwanza kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukatembea mezani ukarudi, namna unavyotembea siku zote. Akakigeuzageuza kile kipande vidoleni kwa mapenzi, kisha akakipaka nyekundu kwa brashi ya nywele tatu. Hivyo hivyo hadi cha saba. Hata kucha za Mama Pacha hazikuwahi kung'aa namna ile. Tukala chakula cha mchana kama washindi.

Jumanne akashika kishikio kwa kibano ili akipachike mahali pake, na rangi ikavuka nzima nzima, kama soksi inavyovuka mguuni, ikabaki imening'inia kwenye kibano, nyekundu, nzuri, haina kitu ndani. Akashika cha pili, ikawa vilevile. Kengele ilivua kofia yake kabla hata haijaguswa sawasawa.

Ndipo mimi Karani nilipotoa shauri. Nilisimama, nikakohoa, nikasema kwamba adui ni ulaini. Kwamba shaba ni nyororo na rangi haina pa kushika. Kwamba dawa yake ni msasa, msasa na msasa tena. Nilizungumza kama robo saa hivi. Fundi Saa akanishukuru, akasugua vipande vyote hadi vikapoteza mng'ao, na aliposugua kengele, ikaruka.

Ikaruka, nasema, ikapita juu ya miwani yake, ikagonga kioo cha dirisha, ikatoweka katika ufalme wa sakafu. Tukapiga magoti, wanaume wawili wenye jumla ya miaka mia na thelathini na tisa, tukapekua chini ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya viatu, katika nyufa ambazo hazijaona mkono wa mtu tangu nyumba ijengwe. Tulipata shanga mbili, skrubu ya saa iliyopotea zamani ikaliliwa, na jino ambalo hakuna aliyekubali ni lake. Mama Pacha akaja kutuita kula, akasimama mlangoni, akatutazama.

"Mnatafuta nini?"

"Kengele," nikasema kutoka chini ya kitanda.

"Mzee Karani, hebu simama."

Nikasimama. Akainama, akatia vidole katika pindo la suruali yangu, akaitoa kengele. Fundi Saa akanitazama kwa jicho ambalo sijapenda kulikumbuka, ingawa nilikuwa mtu asiye na hatia kabisa. Akaichukua, mkono wa kulia ukatembea mezani ukarudi, akaigeuzageuza, akaipaka rangi upya pamoja na wenzake. Jumatano asubuhi soksi saba zilivuka tena, pamoja na msasa wangu wote.

Jumatano hiyo akaenda kwa muuza rangi wa barabara kubwa, mtu mnene mwenye majibu mengi, naye akampa praima, ile rangi ya kijivu inayotangulia rangi. "Baba, hii ikishika chuma, haitoki mpaka chuma kitoke," akaapa. Fundi Saa akarudi amebeba kikopo kwa mikono miwili. Akachukua kishikio, mkono ukatembea ukarudi, akapaka kijivu, akangoja hadi baada ya chakula, akapaka nyekundu juu yake. Uso wake ulikuwa na tumaini kiasi kwamba nilikwenda kwangu mapema nisije nikaliharibu kwa maneno.

Alhamisi nyekundu na kijivu vilivuka pamoja, soksi na kiatu.

Hapo ndipo Fundi Saa alipokata tamaa. Mfufuaji wa Sekunde alivikusanya vile vipande katika kifuniko cha chupa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hotuba: "Nitamwambia haijakamilika. Nitamwambia asubiri mwakani." Nikamwambia mwakani si mbali. "Karani," akasema, "ana miaka sabini, na mimi nina sitini na minane. Mwakani ni mbali." Kutoka chumba cha mbele zikasikika sauti za saluni, watu wakicheka mambo yao. Niliona vibaya sana, nasema kweli. Akachukua kishikio kimoja, akaanza kukigeuza tu, kama mtu anayemuaga mgonjwa.

Mama Pacha akaingia kutafuta mkasi. Akaupata. Akafika mlangoni, akageuka.

"Baba Pacha, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichofanya sasa hivi na hicho kichuma."

"Sijafanya kitu. Nimekishika tu."

"Chukua kingine basi, nikuone unavyokishika tu."

Akachukua kingine kwa mkono wa kushoto. Na mkono wa kulia, enyi mnaosikiliza, ukatembea mezani. Safari hii sote tuliufuata kwa macho. Ulikwenda hadi kwenye kichupa cha mafuta ya saa kilichokaa pembeni kwa miaka arobaini, ukachovya ncha ya sindano, ukarudi, ukagusa shaba kwa tone dogo hata nzi asingelinywa, na vidole vikaligeuzageuza tone lile hadi likaenea kila mahali. Yeye mwenyewe alikuwa anamtazama mkewe usoni, hana habari.

"Umeona?" akasema Mama Pacha.

"Nimeona nini?"

"Unakipaka mafuta."

"Mimi? Sikipaki mafuta."

"Kidole kinang'aa, Baba Pacha. Kinuse."

Akakinusa. Kwa miaka arobaini kila kichuma kilichopita mkononi mwake kilipata tone lake, kwa kuwa saa isiyo na mafuta ni saa iliyokufa. Mkono ulijifunza, ukahitimu, ukaacha kumuuliza mwenye mkono. Alikuwa amevipaka mafuta vipande saba mara tatu, kwa uaminifu mkubwa, kisha akashangaa kwa nini rangi inateleza. Na mimi Karani, ninayejisifia macho, niliuona mkono ule ukitembea na kurudi siku nne nzima, nikaona ni mazoea yake tu. Hiyo ndiyo aibu niliyoahidi kuiandika.

"Mteja akija na mafuta kwenye kucha," akasema Mama Pacha, "mimi simgusi na rangi mpaka nimfute. Nisipomfuta, kesho yake anarudi kunisema mbele ya watu."

"Mimi kanifuta mara mbili," ikaitika sauti ya mteja kutoka chumba cha mbele.

Na Mama Pacha, Mwenye Chupa Mia, Mshinda Kucha, akatwaa uongozi wa jeshi. Ijumaa asubuhi alifunga saluni kwa saa mbili, jambo ambalo hakulifanya hata alipoumwa meno. Vipande vikaoshwa kwa sabuni ya maji na mswaki, vikasuuzwa, vikafutwa kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha hadi kitambaa kikatoka safi. Kisha akamvika mumewe glavu za saluni, zile za waridi, na kile kichupa cha mafuta akakitia katika mfuko wa aproni yake.

Sasa kikaja kile ambacho mimi nakiita vita vyenyewe. Adui hakuwa shaba tena, wala rangi. Adui alikuwa umbali wa bega kutoka kwa shujaa, na alikuwa mkono wake. Akachukua kishikio kwa kibano. Mkono wa kulia ukaondoka, ukafika pembeni mwa meza, ukapapasa, haukukuta kitu, ukarudi kwa aibu. Akachukua cha pili, ukaenda tena. Kwenye kipande cha nne ukavuka mipaka ya meza, ukaelekea kwenye aproni ya Mama Pacha, naye akaupiga kofi dogo.

"Samahani," akasema Fundi Saa.

"Sio wewe," akasema mkewe. "Namwambia yeye."

Praima ikapakwa nyembamba, ile ile tuliyoitukana jana. Vipande vikatundikwa kwenye uzi kwa vibanio vya nywele, vikangoja. Nyekundu ikapakwa nyembamba. Vikangoja. Nyekundu ya pili, nyembamba zaidi. Nilitaka kupendekeza jambo kuhusu upepo wa dirisha, lakini Mama Pacha alinitazama kwenye pindo la suruali, nikaketi. Jumamosi asubuhi shujaa alivipachika vyote kwa gundi, na hakuna aliyethubutu kuvikwaruza kuvijaribu. Nilipojitolea ukucha wangu, alisema hapana, tena kwa haraka.

Ndugu wakaja, nyumba ikajaa. Dereva akaja, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo. Nadhani alilichagua makusudi. Akaketishwa, na Fundi Saa akamwekea treni mapajani, akasema, "Kaka, ndiyo hiyo." Hakusema zaidi, na hotuba aliyoniandikisha siku ya Jumatatu ikabaki mfukoni mwake.

Vidole vya Dereva vikapita juu ya paa, vikashuka kwenye madirisha, vikahesabu magurudumu. Vikafika mlangoni. Akakishika kishikio kwa vidole viwili, vivyo hivyo alivyokishika kile kikubwa alipopanda, na kidole gumba kikaanza kusugua. Akasugua. Akatia mate kidoleni, akasugua tena, kwa nguvu za mtu aliyevuta mabehewa. Ndugu wote wakasogea karibu, kwa kuwa hakuna mle ndani asiyejua habari ya lori. Kisha akakiinua kidole kile na, mbele ya ukoo wote, akakifuta kifuani mwake, kutoka bega hadi mfukoni.

"Shemeji," akasema, "shati vipi?"

"Jeupe," akasema Mama Pacha.

"Angalia vizuri, usimfichie mumeo."

"Shemeji, jeupe kama lilivyotoka kwenye pasi."

"Na ni nyekundu kweli? Hamjaniachia shaba tupu?"

"Nyekundu, babu," akasema mjukuu. "Nyekundu sana."

Dereva akakishika tena kishikio kile. "Umefanyaje?" akauliza. Fundi Saa akamweleza yote: mafuta, mkono, sabuni, hata glavu za waridi, ambazo mimi ningeziruka. Dereva akasikiliza hadi mwisho, kisha akainamisha kichwa upande mmoja.

"Mdogo wangu. Lile kopo la lori. Lilikuwa kopo la nini?"

Fundi Saa akafikiri. Nikamwona anarudi nyuma miaka hamsini na tisa, anafika jikoni kwa mama yao, anaangalia. "La mafuta ya kupikia," akasema polepole.

"Ulilisafisha?"

"Nililifuta kwa gazeti."

Wakacheka, na safari hii Fundi Saa alicheka kutoka tumboni, hadi miwani ikaanguka, nami nikaiangalia isije ikaingia kwenye pindo langu.

Wakati wa chakula mjukuu akaomba asimuliwe habari ya lori, kama watoto wa nyumba ile waombavyo siku zote. Dereva akaanza pale pale anapoanzia: kopo, rangi ya mlango, kwapani, shati. Fundi Saa akaweka kijiko chini. Dereva akafika mwisho, akasema, "Huyu mdogo wangu akipaka kitu rangi," kisha akasita, jambo ambalo halijawahi kutokea harusini wala msibani. "Akipaka kitu rangi," akaendelea, "haitoki. Nimesugua mwenyewe."

Basi na ijulikane kwa waliopo na watakaozaliwa, kwamba siku ya Jumamosi, baada ya saa saba mchana, Fundi Saa aliishinda shaba, akaushinda mkono wake, akalishinda lori lililomfukuza tangu akiwa na miaka tisa, na shati halikupata doa. Nimeyaandika hayo hapohapo mezani, nikayasoma kwa sauti, wakathibitisha wote, naye Fundi Saa akawa wa kwanza kutia saini. Karatasi ninayo hadi leo. Pembeni ya jina lake pana alama ya kidole gumba, pana na ya kung'aa, na ukiinusa inanukia mafuta ya saa.